Vioo karibu 300,000 kwa miezi tisa: nani alivikata?

Fundi wa Katuba
Jambo zenu. Mimi ni fundi wa madirisha hapa Lubumbashi. Juzi nimepakia vioo kumi na viwili juu ya pusupusu kutoka mjini, nikafika Katuba na tisa. Kimoja tena nikakiharibu mwenyewe kwa kukikata, maana mwashi ameacha kila tundu la dirisha na kipimo chake: hili 83, lile 79 na nusu. Jioni binti yangu ananisomea kwamba London, mwaka 1851, walijenga jumba la maonyesho ya mataifa yote: vioo karibu 300,000, urefu zaidi ya nusu kilomita. Uwanja walikabidhiwa mwisho wa Julai 1850, mlango ukafunguliwa tarehe 1 Mei. Mnaojua, nielezeni kifundi. Vile vioo nani alivikata?

Mzee wa Kamalondo
Papa, pale uwanjani Hyde Park hawakuhangaika kukata kila kioo kufuata tundu. Aliyechora jumba, Joseph Paxton, alikuwa mtunza bustani, mzoefu wa nyumba za vioo za kuoteshea mimea. Kioo cha paa kilikuwa cha saizi moja: inchi 49 kwa 10, kama sentimita 124 kwa 25. Mbao na vyuma ndivyo vilivyofuata kioo. Nguzo zilipangwa kwa futi 24 na vizidisho vyake, zikasubuliwa kiwandani, zikaja tayari kusimamishwa. Zilikuwa na uwazi ndani, maji ya mvua yakishukia humo.

Fundi wa Katuba
Ngoja kwanza. Nguzo ndiyo bomba? Na mimi nimeitwa Ruashi mara tatu kwa mfereji uleule! Haya, huko juu walisimama wapi? Mimi kwa ngazi moja na kijana mmoja, siku nzima naweka sita.

Mama Mwalimu
Hawakusimama, kaka, walikaa. Walikuwa na vigari vyenye paa la turubai, magurudumu yakipita juu ya mifereji ya paa kama reli. Fundi anaweka kioo, kigari kinasogea, anaweka kingine. Wanaume 80 waliweka zaidi ya vioo 18,000 kwa wiki moja. Lakini usiwasifu mno: paa lilivuja. Mimi kinachonishangaza ni vyoo. Wageni milioni 6 waliingia hadi Oktoba, na zaidi ya 800,000 walilipa peni moja kujisaidia kwenye vyoo vya George Jennings. Sokoni kwetu bado tunazunguka nyuma ya ukuta.

Fundi wa Katuba
Mama, hapo umesema kweli tupu. Leo asubuhi nimerudi kwa mwashi na kipimo cha kioo mkononi. Ukuta wa nyuma haujapanda bado, kwa hiyo matundu yote manne yatakuwa 60 kwa 120. Ya mbele tumechelewa, yale nitayakata tu.