Kimondo cha Mbozi: kilianguka mwaka 1930, au kilionekana mwaka 1930?

Mkulima wa Vwawa:
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kumaliza ubishi uliozuka msibani wiki iliyopita. Mjomba wangu anashikilia kwamba kimondo kilichopo kijijini Ndolezi, wilayani Mbozi, kilianguka mwaka 1930, tena babu yake, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kuchunga, alikishuhudia. Mimi nilisoma shuleni kwamba mwaka huo ndipo kilipogunduliwa, lakini nilipotakiwa kueleza tofauti ya mambo hayo mawili nilikosa la kusema, na wazee wakanicheka. Nilishafika pale mara mbili. Nililiona jiwe lenyewe limekaa juu ya nguzo ndani ya mtaro, jeusi lenye wekundu wa kutu, limejaa mabonyeo kama tonge la ugali lililobonyezwa kidole gumba kwa ajili ya mchuzi. Shimo la kuangukia sikuliona. Je, kitu cha uzito ule kinaangukaje bila kuacha shimo?

Mwalimu Mstaafu, Mbeya:
Mjomba wako apewe heshima yake, lakini mwaka 1930 si mwaka wa kuanguka. Ni mwaka ambao mpimaji wa ardhi aliyeitwa W. H. Nott alilikuta jiwe hilo na habari zake zikaingia katika maandishi ya serikali ya kikoloni. Wenyeji walilijua kabla yake, na yasemekana kwamba lilizungukwa na miiko, ndiyo maana hawakuwa na haraka ya kumwonyesha kila mgeni.

Fikiri hivi: mwaka 1930 Mbozi haikuwa pori lisilo na watu. Palikuwa na vijiji vya Wanyiha, palikuwa na misheni ya Wamoraviani, na dola ya Waingereza ilikuwa na maofisa wa kuandika kila jambo. Mwaka 1947 kimondo cha chuma kilipoanguka Sikhote-Alin, mashariki ya mbali ya Urusi, watu waliona moto angani, wakasikia ngurumo, na ardhini kukabaki mashimo mengi. Tukio la namna hiyo lingetokea hapa kwetu, ingekuwa hadithi ya kila nyumba kuanzia Mlowo mpaka Tunduma, na watoto wa mwaka huo wangepewa majina kwa ajili yake. Badala yake hakuna simulizi ya siku lilipoanguka. Kwangu mimi kimya hicho ndicho ushahidi mkubwa: jiwe lilikuwepo kabla ya kumbukumbu ya yeyote anayeweza kusimulia.

Mchimbaji wa Chunya:
Naongezea kuhusu shimo. Kimondo cha Hoba kule Namibia, ambacho kina uzito wa zaidi ya tani 60 na ndicho kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani, nacho hakina shimo. Jiwe linaweza kupunguzwa mwendo na hewa kabla ya kugusa ardhi. Au shimo linaweza kuwepo, kisha mvua za maelfu ya miaka zikalifukia na kulisawazisha. Kwa mvua za nyanda hizi zetu, sishangai hata kidogo.

Uzito nao una kisa chake. Vitabu vya zamani hutaja tani 25, ilhali makadirio ya sasa ni tani 16 hivi, na watu hudhani kuna aliyekata vipande akaviuza. Hapana. Meta moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu tani 8, kwa hiyo jiwe zima, pamoja na urefu wake wa meta 3 na ushei, lina ujazo wa kama meta za ujazo 2 tu. Ukikosea umbo lake kwa meta moja ya ujazo, umeshakosea tani 8. Kipande kilichokatwa kwa ajili ya uchunguzi ni kidogo, na alama ya msumeno bado inaonekana upande mmoja. Kilichopatikana ni chuma takriban asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 9, mchanganyiko ambao huupati katika miamba ya kawaida ya huku.

Mjukuu wa Mhunzi:
Mimi jambo linalonishangaza ni jingine. Wanyiha walikuwa wahunzi hodari: walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha katika matanuru marefu ya udongo, wakafua majembe na mikuki. Watu hao hao waliishi jirani na tani 16 za chuma kilicho tayari, wakakiacha. Wengine watasema ni miiko. Nadhani hata pasipo miiko, nyundo ya mhunzi isingelimega jiwe lile. Niliwahi kuligonga kwa kokoto, likatoa mlio wa chuma kizito na kokoto ndiyo iliyovunjika.

Tena, Mkulima, usiharakishe kumwita babu wa mjomba mwongo. Nott alipolikuta, sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa na kilichoonekana kilikuwa mgongo tu. Ule mtaro ulichimbwa baadaye kulizunguka, na udongo wa chini ukaachwa uwe nguzo, kisha ukaimarishwa kwa zege. Kijana wa kuchunga aliyezoea kuona mgongo wa jiwe kwenye majani, kisha siku moja akapita akaona dude zima limesimama wazi, angesema nini?

Mkulima wa Vwawa:
Ahsanteni sana. Leo asubuhi, tulipokuwa tunaanika kahawa, nilimwuliza mjomba kama babu aliwahi kutaja moto, ngurumo au usiku. Alinyamaza, akageuza kahawa yake kwa reki, kisha akasema kwamba babu hakutaja lolote kati ya hayo. Akikumbuka vizuri, maneno ya mzee kwa Kinyiha yalikuwa kwamba mwaka ule jiwe “lilitoka”. Hakusema kwamba lilianguka.