Fundi kafutia stiki ya oili kwenye kitabu cha gari yangu, tena ukurasa wa 5W-30!

Namba C Milele

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Jina simtaji. Ukiwa unaishi Dodoma na gari yako imeshazeeka, unamjua. Yule wa chini ya mwarobaini. Yule anayekujibu huku anapiga mswaki saa sita mchana. Ovaroli lake ukilisimamisha bila mtu ndani linasimama lenyewe. Huyo huyo.

Gari yangu ni IST namba C, ile ya lita moja na nusu, imetembea kilomita 287,000. Inakunywa oili, sikatai. Nikienda Dar na kurudi, kwenye stiki inashuka karibu nusu ya nafasi ya alama mbili. Nikaenda kistaarabu kabisa, filta yangu mkononi, galoni yangu ya lita 4 ya oili nyepesi, 5W-30. Kashafungua nati ya chini, oili yote ipo kwenye karai, ndipo ananiambia hiyo haingii. "Gari imezeeka hii, mzee humnyweshi uji mwepesi. Tia 20W-50."

Nikamwambia fundi, hii injini ina VVT-i, oili ndiyo inayosukuma ule mtambo wa kugeuza kemu, vinjia vyake vyembamba, ukiniwekea mlenda utachelewa kufika. Nikamwambia kama ni lazima kwenda kwenye nzito zaidi, basi twende 10W-40 yaishe. Akaniambia Mjapani hajui joto la Dodoma.

Ndipo nikafungua droo ya dashibodi nikatoa kitabu. Kitabu chote ni Kijapani, ila 5W-30 imeandikwa kwa namba ambazo hata mwanangu wa chekechea anazisoma. Nikamshikia kidole pale. Akakipokea. Akakiangalia kwa heshima kama anayesoma wasia. Halafu akachomoa stiki, AKAIFUTIA PALE PALE. Kwenye ukurasa! Upande wa kwanza, akageuza, upande wa pili. Akanirudishia na kusema: "Haya, kitabu kishapata oili yake, sasa tuje kwenye gari."

Vijana wa bodaboda walilala chini. Mama wa maandazi kacheka mpaka beseni likainama. Kuna mbuzi alikuwa anapita, nina uhakika naye alicheka.

Sasa niende wapi, gari ipo juu ya mawe haina oili hata tone? Nikatiwa 20W-50 yake, nikalipa, na elfu kumi ya ufundi juu. Galoni yangu nimerudi nayo siti ya mbele, nimeifunga mkanda. Lakini wakuu, kitabu! Angefutia suruali yangu ningeelewa.

Spana Kumi na Saba

Pole, ila tuweke sawa jambo moja. Namba ya kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi, ya mwisho inaeleza uzito wake injini ikishachemka, wanapima kwenye nyuzi 100. Na injini ikishachemka, themostati inaishikilia hapo hapo kwenye tisini na kitu, uwe Bahi kwenye joto au uwe Makete kwenye baridi. Kwa hiyo huyo Mjapani joto la Dodoma lilimhusu kidogo sana.

Kinachokula oili siyo wembamba wake, ni uchakavu. Angalia moshi. Ukitoka wa bluu asubuhi unapowasha kisha ukakata, hizo ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga kupanda mlima, ni ringi za pistoni. Ukiwa na gari ya kilomita hizo, kupanda ngazi moja, 5W-40 au 10W-40, ni sawa kabisa. 20W-50 itakupunguzia unywaji kidogo, ila asubuhi itachelewa kupanda juu, na ringi haifufuki kwa oili.

Kibaigwa Moja kwa Moja

Subirini kwanza. Gari ya kilomita 287,000 ina KITABU? Yangu ilishuka bandarini haina hata redio.

Mlenda Mkavu

Mleta uzi, swali dogo tu. Alipokuwa anafutia, wewe ulisemaje?

Namba C Milele

Nilisema "fundi jamani."

Mlenda Mkavu

Basi?

Namba C Milele

Nilisema mara mbili. Alipogeuza upande wa pili.

Mlenda Mkavu

Ungenyamaza tu ubaki na heshima.

Zabibu za Mpunguzi

Nimecheka niko kwenye kikao Mtumba, bosi ananiuliza kuna nini, nimemwambia nimeguswa na taarifa.

Mzee wa 109

Vijana mnapenda kulalamika. Baba yangu alikuwa na Land Rover 109, Kongwa hadi Mpwapwa, masika na kiangazi, yeye na 20W-50 tu. Haikuwahi kudai kitabu.

Spana Kumi na Saba

Mzee wangu shikamoo. 109 haina VVT-i. Halafu tuseme kweli, ilikuwa inavuja kiasi kwamba ungeweza kuifuata nyumbani kwa kufuata matone. Oili ilikuwa haikai humo hata ijulikane ni nzito au nyepesi.

Mzee wa 109

Marahaba. Hiyo ya kuvuja ni kweli.

Vumbi la Nkuhungu

Huyo fundi namjua! Mimi alinifungulia boneti, akaangalia, akafunga, akaniuliza "hii ulinunua au ulipewa?" Nikalipa elfu tano ya kuulizwa.

Namba C Milele

Huyo huyo! Sasa fikiria huyo mtu na KITABU mkononi. Ukurasa ulikuwa msafi, wakuu, mweupe kama shuka la hospitali. Pande zote mbili!

Mama Wawili Ipagala

Nyie mnalia na fundi gari kwa sababu hamjawahi kuwa na fundi cherehani. Nimempelekea kitambaa wiki sita kabla ya harusi ya mdogo wangu. Kila nikipita, "dada bado vifungo tu." Siku tatu kabla ya harusi namkuta mke wake kanisani, kavaa kitambaa changu. Na vifungo vipo.

Zabibu za Mpunguzi

SUBHANALLAH.

Kibaigwa Moja kwa Moja

Ulimwambiaje?

Mama Wawili Ipagala

Tulikuwa tunashikana mikono ya amani, nikampa mkono. Ningefanyaje?

Mlenda Mkavu

"Fundi jamani."

Vumbi la Nkuhungu

Wa kwangu kanishonea suruali, mguu mmoja wa kwangu, mwingine wa mtu mrefu. Nikamrudishia akasema nisimame vizuri.

Mtaa wa Pili Kizota

Fundi cherehani ana nafuu. Fundi wangu wa kupaua kaondoka na bati nne akasema anakwenda kuzipima. Mwaka wa pili sasa. Huu mwezi wa saba usiku nalala na masweta mawili, upepo unaingia kama una funguo.

Mama Wawili Ipagala

Bati ungenunua nyingine. Mimi lile vazi nimeliona tena kwenye ubatizo. Kaliongezea mkanda.

Namba C Milele

MREJESHO: Wakuu, leo asubuhi saa kumi na mbili nimewasha. Imepiga tik-tik-tik kule juu sekunde kadhaa, haikuwahi kufanya hivyo, halafu ikatulia. Nimeifikisha Nzuguni salama. Kesho natafuta fundi mwingine aimwage yote anitilie 10W-40 kama alivyosema Spana. Kile kitabu nimekianika juani, doa limepenya, ukurasa wa 5W-30 hausomeki na wa nyuma yake uliokuwa na upepo wa matairi nao umezama. Sasa hata matairi sijui nijaze ngapi.

Kibaigwa Moja kwa Moja

Mkuu tusubiri kidogo tunamalizana na huyu wa kanisani. Mama Wawili, huo mkanda ni wa kitambaa kile kile au kakata kwenye chenji yako?