Datsun 240Z: Weber tatu, L28 au 1JZ?

Mwana_Tudor
Assalaam aleikum nduzangu. Nina Datsun 240Z niliyoachiwa na ami yangu, injini ni ileile ya L24, silinda sita. Inatembea, lakini nataka ivute zaidi. Nimebaki na njia tatu: kabureta tatu za Weber 40 DCOE, au injini nzima ya L28, ya Datsun pia ila kubwa zaidi, au niing'oe yote nipachike 1JZ ya mtumba, injini ya Toyota. Fundi wangu ashikilia 1JZ, kaka yangu ashikilia Weber. Wiki ijayo natakiwa kutoa arubuni. Nishaurini.

Fundi_Jomvu
Wa aleikum salaam. Arubuni ya nini na hujatwambia kitu? Kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda ni ngapi? Kabureta zilizopo ni zile mbili za Hitachi za kiwandani? Giaboksi ni ya gia nne au tano? Una pesa ngapi? Gari ni ya kuzunguka Nyali Jumapili au ya kupanda Nairobi?

JZ_Magongo
Kaka, msikilize fundi wako. 1JZ-GE ni silinda sita za mstari mmoja kama hiyo yako, ila ina kemshafti mbili, valvu 24 na petroli inaingia kwa sindano. Hakuna tena kuhangaika na choki asubuhi. Spea zimejaa mjini.

Kibokoni_L28
Na maunti, vishikio vya injini, je? Propela shafti? Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikigonga krosimemba, kile chuma cha kukingama? Waya zote zile? Na ukibadilisha injini lazima NTSA, mamlaka ya usafiri, wabadilishe nambari kwenye logibuku. Nambari ya L28 nayo itabadilishwa, lakini haina taabu hizo nyingine: yakaa kwenye maunti zilezile na giaboksi ileile yaishika. L24 ni cc 2393, L28 ni cc 2753, kwa sababu upana wa pistoni ni milimita 86 badala ya 83 na mwendo wa krenki ni 79 badala ya 73.7. Nguvu yake waipata kutoka chini, huna haja ya kuiliza injini ndipo gari iondoke. Mimi ninayo, na mlima wa Mazeras naupanda bila kushusha gia.

Dada_Bamburi
Naona mwakimbilia kununua. Hizo Hitachi mbili zasingiziwa sana. Datsun walipolitoa gari hili waliliandikia nguvu za farasi 151 kwa kabureta hizohizo. Mwana Tudor, fungua kifuniko cha juu cha kila moja utazame kama mna oili. Kisha tia kidole mdomoni mwake uinyanyue pistoni iliyo ndani ya kabureta: utahisi inakataa kidogo. Iachie. Ishuke yenyewe bila kukwama mpaka uisikie "tak", na ya pili ifanye vivyo hivyo. Ikikwama moja, silinda tatu hazipati petroli sawasawa, na hapo utaambiwa injini imechoka. Halafu pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: 0.20 mm za kuingiza, 0.25 mm za kutoa. Gari nyingi za zamani hapa Mombasa zimepoteza nguvu kwa mambo haya tu, na kurekebisha ni kazi ya asubuhi moja.

Mwana_Tudor
Shukran dada. Kabureta ni hizo mbili, gia ni nne, nina kama laki tatu. Kompresheni sijapima.

Ngamia_Voi
Weber, ngoja nikueleze yaliyonipata. Nilifungiwa tatu Nairobi, gereji yenye sifa kubwa. Wakachagua jeti, vitundu vya kupimia petroli, kulekule, gari ikawa tamu ajabu, nikaondoka alfajiri kuteremka pwani. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo jeti ndogo zatosha. Kadiri unavyoteremka hewa inazidi kuwa nzito, lakini petroli inabaki ya jeti zilezile, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli haitoshi. Hakuna aliyeniambia. Kupita Voi nikaanza kusikia mlio mwembamba wa kugonga nikikanyaga, kama kokoto ndani ya kopo. Nikapiga simu gereji, wakasema ni petroli mbaya, endelea tu. Mackinnon Road mshale wa geji ya joto ukapanda. Mariakani injini ikafa nguvu, moshi wa buluu-nyeupe nyuma, oili inatoka kwa kijiti cha kuipimia. Ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya 5 ilikuwa na tundu la kupitisha penseli, na plagi yake nyeupe kama chokaa. Gereji walikataa kulipa hata gasketi. Ukifunga Weber, zipangiwe jeti hapahapa Mombasa, na mtu anayejua kusoma rangi ya plagi.

JZ_Magongo
Pole sana. Injini ya sindano ingejirekebisha petroli yenyewe, ndilo ninalosema mimi.

Kibokoni_L28
Lakini 240Z ni gari ya historia kwetu. Ilichukua Safari Rally miaka minne mfululizo, 1970 hadi 1973. Leo uitie moyo wa Toyota?

Fundi_Jomvu
Sio minne. 1970 dereva Herrmann alishinda na Datsun 1600 SSS. 1971 akashinda na 240Z, Mehta wa pili na 240Z nyingine. 1972 ni Mikkola na Ford Escort. 1973 ndipo Mehta akalichukua na 240Z.

Dada_Bamburi
Na 1973 alifungana pointi na Källström wa Datsun 1800. Marehemu baba alikuwa akiisimulia kila Pasaka.

Ngamia_Voi
Zile za mashindano zilikuwa na Weber?

Fundi_Jomvu
Tumetoka njiani. Mwana Tudor, laki tatu kwa 1JZ haitoshi ukihesabu giaboksi, waya na rejeta, kwani rejeta ya zamani haitaituliza kwa joto letu hili. Kwa L28 huenda ikatosha ukiipata nzima. Pima kompresheni kwanza, kavu, kisha utie oili kidogo kila silinda upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi.

Kibokoni_L28
Kuna L28 nimeiona Changamwe juzi, imekaa wazi kwenye mvua. Usiiguse kabla hujaizungusha krenki kwa mkono.

Mwana_Tudor
Nitaleta namba za kompresheni Jumamosi inshallah. Kaka yangu bado asema Weber.

Mpya_Likoni
Samahani kuingilia. Nami nina 240Z, mpira wa kioo cha mbele umepasuka na maji yanaingia mpaka kwenye zulia. Kuna anayejua pa kuupata hapa mjini?