Phenom II X4 965 au i5-2500K, ipi nichukue niiovakloki?

mpenda_gemu
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla hela yangu haijaliwa. Kuna jamaa Kariakoo ana prosesa mbili za mtumba, zote kori nne, kila moja na mazabodi yake na RAM. Moja ni AMD Phenom II X4 965 Black Edition, nyingine Intel Core i5-2500K kwenye bodi ya H61, bei zimepishana kidogo sana. Nataka gemu na kurenda (kutoa faili la mwisho) video za harusi, nasikia zote zinaovaklokika (yaani unazisukuma zikimbie kuliko kasi ya kiwandani). Sasa nikisema nachukua Phenom kwa sababu ina 3.4 GHz na Intel ina 3.3 watu wananicheka, kwani namba kubwa si ndo kasi?

fundi_solda
Hapana mkuu. Gigahezi ni idadi ya safari, haikwambii kila safari gari limebeba magunia mangapi. Hiyo 2500K ya 2011 inabeba mengi zaidi kila safari, hata Phenom uisukume mpaka 4.0 kwenye gemu nyingi itaachwa na 2500K ambayo haijaguswa.

Ila hapo kwenye H61 unauziwa mbuzi kwenye gunia. Bodi hiyo haikuachii maltiplaya (namba inayozidisha kasi ya msingi), kwa hiyo herufi K, ya chipu ambayo maltiplaya yake haijafungwa, inabaki pambo, utaishia tabo (kasi inayojipandisha yenyewe) ya 3.7 basi. Na usidhani utapenyea kwenye base clock (kasi ya msingi) ya megahezi 100, imefungwa pamoja na PCIe na SATA, njia za kadi ya picha na diski, ukizidisha megahezi chache tu mashine inaanza vituko. Tafuta bodi ya P67, Z68 au Z77, huko 4.4 hadi 4.5 ni kawaida ukiwa na kifaa kizuri cha kupozea.

MzeeWaVolti
Mi napinga kidogo. Kama kijana anataka kujifunza, Phenom ndo shule yenyewe. Yangu ilikuwa megahezi 200 mara maltiplaya ya 17, nikaweka 18, nikaweka 19, kila hatua napiga Prime95 (programu ya kuikamua prosesa) saa nzima huku naangalia joto, 3.8 ikatulia kabisa, 4.0 ikataka volti 1.475 na feni ikawa inalia kama jenereta ya msibani nikairudisha. Halafu pandisha na NB (northbridge, sehemu ya chipu yenye kidhibiti cha RAM) kutoka 2.0 kwenda 2.4, wengi wanasahau.

Tahadhari sasa: hiyo chipu mwisho wake ni nyuzi 62, na joto la Dar mwezi wa pili bila AC, kwa feni ya boksi hutoboi. Soma na kodi (herufi za modeli) juu ya kifuniko cha prosesa, inayoishia DGI ni ya wati 140, DGM ni 125, chukua DGM. Na bodi zile za bei chee zisizo na vyuma vya kupozea pembeni ya soketi achana nazo, moja iliwahi kunitolea moshi mezani, kampuni sitaji.

dada_pikseli
Mnabishania volti wakati kuna kitu hakuna aliyekigusa. Phenom II haina SSE4.1 wala AVX, seti za maelekezo ya prosesa, gemu nyingi za karibuni zinagoma kufunguka kabisa na hakuna ovakloki itakayoleta maelekezo ambayo hayamo ndani ya chipu. Mimi ningechukua 2500K hata na hiyo H61, bodi itabadilishwa baadaye.

MzeeWaVolti
Hapo kwenye SSE nimekubali, dada kanifunga goli.

mpenda_gemu
Aisee asanteni. Nimempigia jamaa sasa hivi, kumbe bodi ya P67 anayo ila anasema kuna pini "imelala kidogo" kwenye soketi, anapunguza bei.

fundi_solda
Intel hizo pini ziko kwenye bodi, sio kwenye prosesa kama hiyo Phenom, na ni nyembamba kuliko unavyofikiri. Moja iliyolala naweza kuinyanyua kwa sindano, iliyokatika siwezi. Mwambie aipige picha kwa tochi ya pembeni, uiweke hapa, na hela usitoe kwanza.