Ngozi iliyobaki baada ya kupungua kilo nyingi: kukata mkunjo tu, tumbo zima, au kuzunguka kiuno chote?

Neema_Moro
Wakuu, habari za leo. Nilikuwa na kilo 131. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, nikabadili ulaji, sasa niko 78 na uzito umetulia tangu mwaka jana. Presha imeshuka, namshukuru Mungu. Kilichobaki ni ngozi. Tumboni inaning'inia hadi juu ya mapaja, nyuma kiunoni imejikunja, mikono ndiyo usiseme. Wakati wa joto chini ya mkunjo panachubuka na kuota fangasi. Nakata vipande vya khanga kuukuu, naviweka katikati ya ngozi na ngozi kabla sijaingia darasani, mchana navibadilisha. Krimu za duka la dawa zinatuliza kwa muda tu.

Nimeonana na madaktari wawili. Mmoja anasema nikatwe mkunjo wa chini basi. Wa pili anataka kuzunguka kiuno chote na mikono siku hiyo hiyo. Dada yangu naye ananivuta niende Istanbul, anasema bei ni nafuu. Watoto ninao watatu, sizai tena. Mliopitia, naomba mnilinganishie.

Sista_Tegeta
Pole sana dada Neema. Mimi ni muuguzi wodi ya upasuaji, hawa wagonjwa nawahudumia. Madaktari wako hawapingani sana, kila mmoja anatibu tatizo lake.

Kukata mkunjo tu kunaondoa ile ngozi ya chini ya kitovu. Misuli haiguswi, kitovu mara nyingi kinabaki palepale. Ni upasuaji mfupi, na fangasi zinapoteza mahali pa kukaa. Ila ngozi ya juu ya kitovu itabaki imelegea, na kiuno hutakiona. Tumbo zima ni hatua nyingine: ngozi inainuliwa hadi karibu na mbavu, misuli iliyoachana kwa ujauzito inashonwa irudi katikati, ngozi inavutwa chini, iliyozidi inakatwa, kitovu kinatolewa kwenye tundu jipya. Kovu linatoka nyonga hadi nyonga, chini ya mstari wa chupi. Kwa wanawake waliozaa mimi naona hapa ndipo penye thamani, kwa sababu misuli ikirudi hata kusimama kwako kunabadilika.

Aliyepungua kilo nyingi kama wewe, ngozi huzidi hata kwa upana. Ndiyo maana kuna wanaoongezewa kovu la wima katikati ya tumbo, linakuwa kama herufi T iliyopinduliwa. Muulize daktari mapema kama unalihitaji. Pale makovu yanapokutana damu hufika kwa shida, na hapo ndipo kidonda hupenda kufumuka.

Kuzunguka kiuno kunaondoa na mikunjo ya mgongoni na kuinua makalio. Matokeo ni makubwa kuliko yote. Lakini ni saa nyingi mezani, unageuzwa ukiwa kwenye nusu kaputi, damu inapotea zaidi, na baada ya hapo hakuna upande wa kulalia usio na mshono. Kuongeza mikono siku hiyo hiyo, mimi ningekataa. Utajishikiza na nini ukiinuka kitandani?

Mdau_wa_Kinondoni
Kwani kunyonya mafuta hakutoshi? Naona matangazo kila siku.

Sista_Tegeta
Hakutoshi, mkuu. Kunyonya kunatoa mafuta, na shida ya Neema siyo mafuta. Nyuzi za ngozi yake zimevutika kwa miaka, hazirudi tena. Ukitoa mafuta yaliyobaki, ngozi italegea zaidi. Mazoezi nayo yanajenga msuli ulio chini, ngozi hayaipunguzi.

Shiku_254
Neema, mimi nilifanyiwa Nairobi, tumbo zima pamoja na kovu la wima. Nilikuwa na chaguo kama lako na nilichagua hatua kwa hatua: tumbo kwanza, mikono baadaye sana. Sijuti hata kidogo.

Nikueleze yale ambayo kliniki hazitangazi. Utatoka na mirija miwili pembeni, kila mmoja na kichupa chake cha kukusanya maji. Asubuhi na jioni unamimina kwenye kikombe cha vipimo, unaandika ni mililita ngapi na rangi yake. Mwanzo inakuwa nyekundu, halafu ya waridi, halafu ya manjano kama chai ya tangawizi iliyokaa. Mimi mrija ulitolewa uliposhuka chini ya mililita 30 kwa siku nzima, mara mbili mfululizo. Yakizuiwa kutoka, maji hayo hujikusanya chini ya ngozi, na ndiyo shida inayowapata wengi kuliko zote. Utatembea umeinama kama unatafuta kitu sakafuni, ukijinyoosha mshono unavuta. Unalala na mito nyuma ya mgongo na chini ya magoti. Mkanda wa kubana ni wiki kama 6 hivi, na muda huo huo usiinue mtoto wala ndoo ya maji.

Kwa hivyo swali la kwanza si hospitali gani. Ni nani atakupikia na kukuogesha? Kama ni shangazi, mwambie mapema aje na akae.

Bi_Ruwi
Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, nilikwenda Istanbul, nikafanya kuzunguka kiuno. Umbo nimelipata, alhamdulillah, na wauguzi wao walikuwa wapole. Lakini dada'ko akueleze na haya. Mpasuaji nilimuona kidogo sana kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, mazungumzo yote nilifanya na mtu wa mauzo kwa simu. Nilirudi nyumbani mshono wa nyuma ukiwa umeanza kuachia. Hapa Muscat kila daktari alisita kugusa kazi ya mwenziwe, ikawa natuma picha na kusubiri jibu. Kidonda kilipona baadae, kwa kukifunga kila siku.

Kama utakwenda, bibie, hesabu na pesa za kukaa kule. Usipande ndege haraka haraka.

Sista_Tegeta
Asante Bi Ruwi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri kusubiri angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege baada ya upasuaji wa kifua au tumbo. Hofu ni damu kuganda miguuni na donge kupanda mapafuni, na hilo linaua. Ndiyo maana tunawatembeza wagonjwa jioni ileile, na wengine wanapewa sindano za kuzuia kuganda. Kama unatumia vidonge vya majira, sema kabla. Sindano za kupunguza uzito zile za semaglutide nazo zitaje kwa daktari wa usingizi, zinachelewesha chakula kutoka tumboni.

Jambo la pili ni vijidudu. Mwaka 2013 na 2014 kuna Wamarekani waliofanyiwa upasuaji wa urembo Jamhuri ya Dominika wakarudi na bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu. Vidonda havikufunga, wakatibiwa kwa antibiotiki kadhaa kwa miezi. Sisemi nje ni kubaya, wapo mabingwa wakubwa. Nasema kidonda kitamhitaji aliyekishona wiki ya 3, na wiki hiyo utakuwa Morogoro.

Baba_Swaumu
Kwa hapa nyumbani, Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wana huduma ya upasuaji rekebishi, kaanzie hapo upate maoni ya tatu. Popote utakapokwenda, uliza jina kamili la mpasuaji na uhakikishe amesajiliwa kama bingwa: Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza lao la madaktari na madaktari wa meno. Bima usiitegemee, nyingi zinaita urembo. Ila fangasi zako zipigwe picha na ziandikwe kwenye faili kila unapotibiwa. Mkunjo unaoleta vidonda una hoja ambayo urembo mtupu hauna.

Shiku_254
Na makovu! Sisi wenye ngozi nyeusi tuko kwenye hatari zaidi ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kuendelea kukua. Ulipotoboa masikio, yalivimba? Mwambie daktari. Kuna plasta za silikoni za kubandika kidonda kikishafunga, na sindano kovu likianza kupanda.

Neema_Moro
Nimesoma yote, wengine mmenitoa machozi. Masikio hayakuvimba. Kuzunguka kiuno na mikono nimeviweka pembeni, naelekea tumbo zima, hapa hapa nchini, likizo ya mwisho wa mwaka mama akiwepo. Sista, nianze na vipimo gani?

Sista_Tegeta
Wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, vitamini B12 na albumini, yaani protini ya kwenye damu. Waliopunguzwa tumbo la chakula wengi chuma chao kiko chini bila kujua, na mtu wa hivyo kidonda kinachelewa. Protini fikisha gramu 60 hadi 80 kwa siku: mayai, dagaa, maharage, maziwa mtindi. Mvuta sigara au shisha yeyote nyumbani atoke nje kuanzia sasa, na kama ni wewe, acha kabisa angalau wiki 4 kabla. Majibu yakitoka njoo inbox, usiyaweke hapa wazi.