Fayawoli pacha: ya akiba ingoje sekunde ngapi kabla ya kushika zamu?

Mdau wa Posta
Wakuu, hoja ni hii. Mifumo inayouza tokeni za LUKU na kupitisha miamala ya simu hapa Dar huhitaji fayawoli (kifaa kinachochuja data inayoingia na kutoka kwenye mtandao) mbili, moja kazini, nyingine akiba. Kuna wanaotaka akiba ishike zamu ndani ya sekunde moja. Napinga. Fayawoli ya Cisco ASA kwa mpangilio wa kiwandani hutuma pigo, yaani ishara ya "niko hai", kila sekunde 1, na isiposikia la mwenzake hungoja sekunde 15. Inaruhusu kushuka hadi milisekunde 200 na 800, yaani mapigo manne tu. Prosesa ikielemewa, au fayawoli iliyo mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva) ikigandishwa kidogo ili inakiliwe, hayo manne yanapotea na akiba inajitwalia uongozi. Mwenzake akizinduka, kwa muda zote zinadai anwani moja ya IP. Swichi, kifaa kinachounganisha mashine za mtandao, inaiona MAC ileile (namba ya utambulisho wa kifaa) mara poti ya 3, mara poti ya 14, na pakiti zinafikia mashine isiyostahili.

Mdau wa Kariakoo
Mkuu, hatari naiona, ila sekunde 15 hazikubaliki. Chukua seva ya Linux kwenye mtandao wa karibu: TCP, kanuni ya kusafirisha data na kuhakikisha imefika, isipojibiwa hurudia kutuma takriban sekunde ya 0.2, 0.6, 1.4, 3, 6.2, 12.6, kisha 25.4. Njia ikirudi sekunde ya 15, jaribio linalofuata ni la 25.4! Programu yenye kikomo cha sekunde 20 imeshakata, wakala anabonyeza upya bila kujua kama ombi la kwanza lilifika, na anayeweza kukatwa mara mbili ni yule mama aliyesimama dirishani.

Mdau wa Mikocheni
Mnabishania namba, angalieni njia. Mapigo yakipita kwenye swichi moja isiyo na UPS (betri ya dharura), umeme ukicheza swichi inawaka upya kwa dakika kadhaa huku fayawoli zote mbili ziko hai. Hapo 15 na 0.8 ni kitu kimoja. Unganisheni mashine kwa kebo ya moja kwa moja. Kama moja iko Posta na nyingine Mbezi, faiba mbili, barabara mbili. Zikilala mtaro mmoja, kijiko kimoja cha mkandarasi kinazikata zote. Na poti za swichi zinazoelekea fayawoli ziwekwe za kuamka papo hapo, la sivyo STP ya kale (kanuni ya swichi ya kuzuia data isizunguke bila mwisho) inakaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 ikijifunza.

Mdau wa Posta
Kwenye faiba umenishika. Basi pigo sekunde 1, kungoja 5. Kiwango cha chini cha kungoja ni mara tatu ya muda wa pigo. Ila msisahau muda wa sesheni: ASA hufuta muunganisho wa TCP uliokaa kimya saa 1, wakati Linux huanza kuulizia kama upande wa pili uko hai baada ya sekunde 7200. Muunganisho wa hifadhidata unakufa usiku, asubuhi lawama zinaangukia klasta, yaani hizi fayawoli pacha. Shusheni 7200 iwe 600.

Mdau wa Kariakoo
Kwa 5 tutadaka jaribio la 6.2, mradi kubadilishana kwenyewe kusichukue zaidi ya sekunde moja. Mimi bado nasema 3. Ipimwe basi, saa nane usiku: ping (kipimo cha kuona kama njia inajibu) ikiendelea na muamala wa majaribio ukiwa njiani, chomoa umeme wa mashine iliyo kazini. Zikitulia, chomoa kebo ya mapigo peke yake. Akiba ikishika zamu kwenye jaribio hilo la pili, mpangilio haujakaa sawa, iwe 3 au 5.