Naomba ushauri: kupiga mswaki shuleni

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa afya shule ya msingi upande wa Kayenze, Ilemela. Tunataka darasa la kwanza na la pili wapige mswaki kila siku baada ya uji, kwa dawa yenye floraidi. Gego la kwanza la ukubwani huota kwenye miaka sita, na wazazi wengi hudhani ni la utoto, linaachwa linaoza.

Shida kubwa ni miswaki. Darasa limejaa, ukiiweka kwenye ndoo moja inagusana, ukiwapa waende nayo nyumbani hairudi. Kuna aliyechongesha ubao wenye matundu na namba? Mnaianika wapi, maana vumbi la kiangazi mnalijua!

Maji tunachota ziwani, na kichocho kipo. Yakilala siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko viluwiluwi vyake hufa, lakini bakteria je? Nichemshe ya kusuuzia miswaki au nitie klorini?

Kuhusu dawa ya meno sina wasiwasi: kiasi cha punje ya njegere, wateme, wasisukutue sana.

La mwisho, michango. Wazazi wakisikia neno hilo wananuna. Nyie mliifikishaje kwenye kikao?